Kabla ya kupima ardhi, wapimwe watu

Inaposikika kwamba wanakijiji wa mahali fulani wamekataa jumba la kompyuta lisijengwe karibu nao, sisi wakazi wa mijini huwa wepesi wa kuwacheka. Kiwanda cha saruji tungeelewa. Machimbo ya mawe tungeelewa, na hata jalala. Lakini jumba la kompyuta? Halina bomba la moshi, halimwagi rangi mtoni, na wafanyakazi wake huenda kazini wakiwa wamevaa mashati safi. Basi hukatwa shauri kwamba wanaopinga ni washamba wanaoogopa maendeleo, au kwamba kuna mwanasiasa anayewachochea, na mjadala huishia hapo.

Mimi si mhandisi wala mwanauchumi. Nataka kulitazama suala hili kwa jicho la daktari wa kawaida, yule anayekupima shinikizo la damu na kukuuliza unalalaje usiku. Nikilitazama hivyo, naona kwamba mengi ya maswali wanayouliza wakazi hao ni ya kitabibu. Ni maswali yanayoweza kujibiwa, mradi tu kazi ya kuyajibu ianze kabla ya tingatinga kuwasili. Yakiachwa mpaka mitambo iwashwe, huwa si maswali tena bali ni kesi ya mahakamani, na kesi ya namna hiyo ni ngumu mno kwa mlalamishi.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka wilaya ya Hood, katika jimbo la Texas nchini Marekani, karibu na mji mdogo wa Granbury. Ni mashambani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka jiji la Fort Worth. Wengi wa wanaoishi huko ni wafugaji, wafanyakazi wa kawaida na wazee waliostaafu ambao walitafuta mahali pa utulivu. Kando ya kituo cha umeme wa gesi kiitwacho Wolf Hollow pamewekwa kituo cha kompyuta chenye uwezo wa kutumia megawati 300 za umeme. Kazi ya kompyuta hizo ni kupiga hesabu za sarafu ya bitcoin, usiku na mchana, bila Jumapili wala sikukuu. Tangu Januari 2024 mwenye kituo hicho ni kampuni ya Marathon Digital, ambayo baadaye mwaka huo ilibadili jina na kuitwa MARA.

Yeyote aliyewahi kuweka kompyuta mapajani anajua kwamba hupata joto. Zikiwa maelfu ndani ya makasha ya chuma, joto hilo lisipoondolewa mara moja zitaharibika. Njia rahisi ya kuliondoa ni feni, na maelfu ya feni yakizunguka kwa pamoja hutoa mvumo ambao hausiti. Huo ndio uliowakuta watu wa Granbury. Wengine waliulinganisha na ndege inayojiandaa kupaa lakini haipai kamwe.

Julai 2024 jarida la TIME lilichapisha ripoti ya uchunguzi kutoka huko. Watu zaidi ya 40 walikuwa wamelieleza jarida hilo matatizo ya kiafya waliyoyahusisha na kelele hizo: shinikizo la damu, moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mvumo masikioni, kipandauso, na kukosa usingizi. Kampuni kwa upande wake ilisema inafuata sheria, na ikaahidi kupunguza feni kwa kuzamisha sehemu ya kompyuta katika majimaji maalum ya kuzipoza. Kabla ya hapo ukuta mrefu ulikuwa umejengwa kuzuia sauti. Baadhi ya wakazi walipata nafuu kidogo, wengine wakasema kwao sauti ilizidi. Oktoba 2024 wakazi walienda kortini wakiwakilishwa na mawakili wa shirika la Earthjustice. Novemba 2025 walijaribu njia nyingine, wakapiga kura ili eneo lao litangazwe kuwa mji wenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo za kelele. Hawakupata kura za kutosha.

Kwa nini walilazimika kutaka kuwa mji? Kwa sababu wilaya za Texas hazina mamlaka makubwa ya kutunga sheria za namna hiyo, na sheria ya jimbo huanza kuihesabu sauti kuwa ni kelele ya kupita kiasi inapozidi desibeli 85.

Desibeli 85

Hebu tuitazame tarakimu hiyo. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, sikio huisikia kana kwamba imekuwa maradufu. Mazungumzo ya kawaida baina ya watu wawili ni kama desibeli 60. Desibeli 85 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini humshauri mfanyakazi asikivuke kwa saa nane kwa siku bila kuvaa kinga ya masikio. Yaani sheria ya Texas inamwacha mtu aliyelala kitandani mwake avumilie kiasi cha sauti ambacho mfanyakazi wa kiwandani huanza kupewa vizibo vya masikio.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu kelele za usiku barani Ulaya, lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 40 nje ya nyumba. Lilieleza kwamba baina ya 40 na 55 madhara kwa afya huanza kuonekana, na juu ya 55 hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Na sisi je? Kanuni zetu za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zimeweka desibeli 35 kuwa kikomo katika maeneo ya makazi kuanzia saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Msomaji anayeishi jirani na baa, au na kanisa lenye mkesha kila Ijumaa, hapa atacheka kwa uchungu. Hata hivyo, kwenye karatasi sheria yetu inamjali mtu aliyelala kuliko ile ya Texas. Kilichobaki ni kuitekeleza.

Mtu akilala, sikio halilali

Wengi hudhani kwamba kelele hudhuru masikio tu, na kwamba ikiwa mtu hajawa kiziwi basi hajadhurika. Sivyo. Macho tunaweza kuyafumba, lakini masikio hayana kope. Mtu anapolala usingizi mzito, masikio yake huendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari huzipokea hata kama mwenyewe hajitambui. Ni ulinzi wa tangu zamani, wa mtu aliyelala porini akihofia simba. Sauti ikija, ubongo huamrisha tezi zimwage homoni za adrenalini na kotisoli, mishipa ya damu hukaza, moyo huongeza mwendo. Asubuhi mtu huamka akisema alilala vizuri, kumbe mwili wake umekesha.

Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watu 140 waliokuwa wakiishi karibu na viwanja vinne vya ndege, ikiwemo Heathrow mjini London. Waliwafunga vifaa vya kupima shinikizo la damu usiku kucha majumbani mwao. Ndege ilipopita, shinikizo la juu lilipanda kwa wastani wa milimita 6 hivi za zebaki, hata kwa wale ambao hawakuamka. Kelele walizozihesabu zilianzia desibeli 35. Milimita 6 si nyingi kwa mara moja. Lakini ndege hupita ikaenda zake, ilhali feni za kompyuta hazina pa kwenda.

Kuna jambo lingine ambalo mgonjwa wa shinikizo la damu anapaswa kulifahamu. Kwa mtu mwenye afya, shinikizo hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Hayo ndiyo mapumziko ya mishipa. Wale ambao shinikizo lao halishuki usiku wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kiharusi na maradhi ya moyo, hata kama vipimo vya mchana kliniki havionyeshi jambo la kutisha. Mtu wa aina hii anaweza kuja kwangu saa nne za asubuhi, nikampima, nikamwambia dawa zinafanya kazi, akarudi nyumbani kwenye mvumo ule ule.

"Atazoea," husemwa. Ni kweli kwamba baada ya majuma kadhaa watu wengi huacha kuamka. Lakini moyo na mishipa havizoei kwa kiwango kile kile. Mtu huzoea kuisikia sauti, mwili ukaendelea kuilipia. Mnamo 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba kelele za magari na usafiri pekee huwapokonya watu wa Ulaya Magharibi miaka isiyopungua milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na usingizi kuvurugika.

Sasa nifike kwenye jambo la kiufundi kidogo, na namwomba msomaji avumilie kwa sababu hapa ndipo wakazi wengi hushindwa hoja. Vifaa vya kupima sauti huwa na mizani zaidi ya moja. Ile ya kawaida, iitwayo mizani ya A, imetengenezwa ifuate sikio la mwanadamu, kwa hivyo hupunguza sana sauti nzito za chini. Kwa sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde, mizani hiyo hukata kama desibeli 30 nzima. Sauti nzito ndizo zinazosafiri mbali bila kufifia upesi, na ndizo zinazopenya kuta na madirisha. Matokeo yake ni kwamba afisa wa mazingira anakuja na kifaa chake, anapima, anaona tarakimu ndogo, anawaambia watu kwamba hakuna kelele. Watu nao wanahisi mvumo kifuani na kwenye godoro. Wote wawili wanasema kweli. Dawa yake ni kupima kwa mizani ya C pia, ambayo haizikati sauti nzito kwa kiasi hicho. Tofauti ya mizani hizo mbili ikifika desibeli 15 au 20, ni ishara kwamba kuna mvumo wa chini unaohitaji kuchunguzwa.

Ni lazima nitende haki kwa upande wa pili. Si kila ugonjwa uliotajwa Granbury unaweza kubebeshwa feni. Shinikizo la damu ni la kawaida kwa watu wazima kila mahali. Kuhusu uziwi nina shaka zaidi, kwa kuwa kelele iliyo chini ya wastani wa desibeli 70 kwa saa 24 haitarajiwi kuharibu uwezo wa kusikia. Na hasira yenyewe, ile ya kuona mgeni mwenye fedha amekuja kukuharibia usiku bila kukuuliza, hupandisha shinikizo la damu. Daktari mwenye kusema kweli hawezi kumtazama mgonjwa mmoja akaapa kwamba ni kelele iliyomfikisha hapo.

Lakini shaka hiyo imekuwa ngao ya wawekezaji. Wakazi husema wameugua. Kampuni husema, thibitisheni kwamba hamkuwa wagonjwa tangu hapo. Hawawezi, kwa kuwa hakuna aliyewapima. Ardhi ilipimwa kwa makini hadi inchi ya mwisho, udongo ulichimbwa ukapelekwa maabara, umeme ukahesabiwa. Watu peke yao ndio hawakuhesabiwa.

Yanatuhusu vipi

Mei 2024 kampuni hiyo hiyo ya Marathon ilitangaza makubaliano na Wizara ya Nishati na Petroli ya Kenya kuhusu miradi ya nishati. Mwezi huo huo Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Hatua ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100, na lengo la mbali megawati 1,000. Ili msomaji apate picha, mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025.

Ikiwa vituo vya ukubwa huo vitajengwa Olkaria au kwingineko, vitajengwa mashambani, kwani huko ndiko kwenye umeme na ardhi. Na mashambani kuna watu. Olkaria kwenyewe jamii za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili hapa Nairobi, Mombasa au Nakuru tuna wazazi huko mashambani, na wengi wa wazazi hao ndio wale wale wanaomeza vidonge vya shinikizo la damu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunaotuma picha na kulipa bili kwa simu tunazihitaji kompyuta hizo, ila hatutalala kando yake.

Sipingi vituo hivi, tuelewane. Rekodi za wagonjwa wangu zinahifadhiwa katika kompyuta iliyo mahali fulani, na picha ya eksirei inayosomwa na mtaalamu aliye mji mwingine hupitia huko huko. Ninachopinga ni kuwaita watu wajinga kwa kuuliza jambo ambalo daktari yeyote angeuliza.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alipatikana na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani mwao. Fikiria basi kijiji cha namna hiyo kikipata jirani wa megawati 100. Baada ya mwaka mmoja watu wapimwe, robo yao wapatikane na shinikizo. Ni kituo kilicholeta? Ni chumvi? Ni urithi? Hakuna atakayejua, na kampuni itakuwa na haki ya kusema hivyo.

Njia ya kulikwepa jambo hili si ghali. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akipewa mkoba wenye kifaa cha kupima shinikizo la damu. Watu hao huingia nyumba kwa nyumba tayari. Wakitumwa katika vijiji vilivyo ndani ya kilomita chache kutoka mahali pa mradi, miezi sita kabla ya ujenzi, wanaweza kumpima kila mtu mzima mara mbili tatu na kuandika. Wachache kati yao, tuseme mmoja katika kila nyumba kumi, wafungwe kifaa cha kupima kwa saa 24 ili tujue shinikizo lao hushuka usiku au la. Waulizwe wanalala saa ngapi na wanaamka mara ngapi. Zahanati itoe hesabu ya watoto wenye pumu. Sauti ya kijiji ipimwe kwa juma zima, kwa mizani zote mbili, kiangazi na masika, ikiwemo saa tisa za usiku wakati vyura peke yao ndio wanaosema. Kisha vipimo vyote virudiwe mitambo ikiwashwa, na kila mwaka baada ya hapo. Gharama ailipe mwekezaji, lakini wanaopima wasiwe wameajiriwa naye. Katika mradi wa bilioni za dola, hizo ni senti za chai.

Nimetaja pumu kwa sababu ya jenereta. Kituo cha data hakiruhusiwi kuzimika hata sekunde moja, kwa hivyo huwa na safu ya jenereta kubwa za dizeli za akiba, na hata pale umeme usipopotea lazima ziwashwe mara kwa mara kujaribiwa. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012, na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Kwa watoto wenye pumu hauhitaji miaka mingi kuleta madhara. Katika nchi ambayo umeme hupotea mara kwa mara, ahadi kwamba jenereta ni "za dharura tu" haina budi kuwekewa idadi ya saa kwa mwaka, iandikwe kwenye leseni.

Maji nayo yana hadithi yake. Vituo vingine hupoza kompyuta kwa kuvukiza maji badala ya feni tupu. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, gazeti la The Oregonian lilitaka kujua vituo vya Google hutumia maji kiasi gani. Baraza la mji lilikwenda kortini kuzuia takwimu zisitolewe, likidai ni siri ya biashara. Zilipotolewa hatimaye Desemba 2022, ilionekana kwamba vituo hivyo vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Mahali ambapo wanawake hungoja kisima kijae upya, maji yakipungua hufuatwa na kuhara na magonjwa ya ngozi, na hapo hakuna siri ya biashara. Ni habari ya afya ya umma.

Usiri huu ndio unaowafanya watu wakatae mradi wote badala ya kudai urekebishwe. Katika wilaya ya Prince William, jimbo la Virginia, mradi wa vituo vya data kwenye ekari zipatazo 2,100, kando ya uwanja wa vita wa kihistoria wa Manassas, uliidhinishwa Desemba 2023 baada ya kikao cha hadhara kilichochukua saa zaidi ya 27. Wakazi wenyewe walikuwa wamegawanyika, kwani wengine walitaka kuuza mashamba yao wakaondoke. Lakini Agosti 2025 jaji alibatilisha idhini hiyo, na sababu haikuwa kelele wala maji. Matangazo ya kikao katika gazeti hayakutolewa kama sheria ilivyotaka. Kesi hiyo ilikatiwa rufaa. Sisi tulikwisha kuona jambo kama hilo hapa nyumbani mwaka 2019, jopo la rufaa za mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, moja ya sababu ikiwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Mwekezaji anayedhani ataokoa muda kwa kuruka mikutano ya kijiji angesoma hukumu hizo mbili kwanza.

Kwa kanuni zetu, mwenye mradi mkubwa anatakiwa kufanya angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, na kutangaza gazetini na redioni. Mikutano hiyo, kama nilivyoona, hujaa hotuba za ajira, na ni nadra daktari au muuguzi wa hapo kualikwa azungumze. Ajira zenyewe zinapaswa kuulizwa: kazi nyingi huwa za wakati wa ujenzi, na jumba likikamilika huendeshwa na watu wachache sana kwa ukubwa wake. Anayehudhuria mkutano kama huo na aulize sauti itapimiwa wapi, kwenye lango la kampuni au dirishani pa chumba cha mama mwenye mtoto mchanga. Aulize ni mizani gani itakayotumika. Aulize jenereta zitajaribiwa siku zipi na saa zipi, maji yatatoka kisima kipi, na nani atakayeshika daftari la vipimo vya watu. Majibu ayatake kwa maandishi.

Leseni ikishatolewa, asiyeridhika ana siku 60 za kuwasilisha rufaa mbele ya jopo la mazingira. Muda huo hautoshi kuanza kupima kijiji kizima. Inafaa daftari liwe limejaa kabla ya hapo, nakala moja ikiwa kwa chifu na nyingine imefungiwa kabatini katika zahanati.